Tilapia ya Tshangalele: samaki wawili katika besani moja

Asubuhi, wakati pikipiki na magari ya kutoka Kapolowe yanafika Likasi, mama wauzaji wanapanga tilapia katika besani na kumwagia maji ili jua lisizikaushe. Mnunuzi wa Shituru anauliza swali lile lile la kila siku: «Hii ni ya Tshangalele ao ni ya frigo?» Akijibiwa ni ya Tshangalele, anabonyeza tumbo, anafungua matamvua kuangalia kama bado ni mekundu, halafu wanaanza kuzungumza bei. Kuna swali moja ambalo karibu hakuna mtu anauliza: ni tilapia gani?

Swali hilo lina maana, kwa sababu katika besani ile ile mara nyingi wanalala samaki wawili tofauti. Mmoja anakula matope na uchafu laini wa chini ya maji, mwingine anakula majani. Mmoja mama anabeba mayai ndani ya kinywa, mwingine baba na mama wanayaweka katika shimo na kuyalinda pamoja. Maji ya ziwa yakishuka ghafla, mmoja anapoteza watoto na mwingine anaondoka nao. Na metali zinazotoka upande wa viwanda haziwafikii wote kwa njia moja. Kwa familia inayokula bukari na tilapia mara nyingi kwa wiki, si habari ya darasani tu.

Kichwa-kijani na kifua-chekundu

Wa kwanza, wataalamu wanamuita Oreochromis macrochir. Hapa ataitwa kichwa-kijani. Mwili wake ni wa rangi ya fedha yenye ukijani, na paji la uso linashuka wima, sawa vile mtu mwenye kipaji kikubwa. Mdomo wake ni mdogo. Kitu cha kuangalia ni pezi la pembeni, lile linaloota nyuma ya matamvua: ni refu sana, linaelekea nyuma mpaka karibu na pezi la chini la tumbo. Jina macrochir linatoka katika Kigiriki, maana yake «mkono mrefu». Wakati wa kuzaa, dume anabadilika kabisa: kichwa kinang'aa kijani, na ukingo wa pezi la mgongo na wa mkia unakuwa mwekundu.

Wa pili ni Coptodon rendalli, ambaye vitabu vya zamani vya hapa Katanga vilimuita Tilapia melanopleura. Hapa ataitwa kifua-chekundu, kwa sababu akiwa mubichi kifua na tumbo lake vina wekundu ambao hata mtoto anaona. Mwili wake ni mpana kutoka mgongo mpaka tumbo, na mistari myeusi inashuka pembeni. Alama nzuri kuliko zote iko kwenye mkia: nusu ya juu ni ya kahawia yenye madoa madoa, nusu ya chini ni nyekundu ao ya manjano, kama mtu amechovya mkia katika rangi na kuishia katikati.

Wote wawili walipewa majina na mtu mmoja, George Albert Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi katika makumbusho ya London: kifua-chekundu mwaka 1897, kichwa-kijani mwaka 1912. Samaki wa kwanza walitoka mbali na Lufira, upande wa Malawi na ziwa Bangweulu. Lakini samaki wenyewe hawajui mipaka, na maji ya Katanga ya juu yana jamaa zao tangu zamani.

Wakishakaushwa kwa moshi, rangi zote zinapotea. Hapo ndipo hata muuzaji mzoefu anasema «ni tilapia tu» na kuendelea na kazi yake.

Ziwa lililozaliwa na umeme wa Shituru

Kuelewa kwa nini samaki hawa ni wengi vile, ni lazima kurudi kwenye Shituru yenyewe. Mwaka 1929, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kusafisha mukuba kwa umeme katika kiwanda cha Shituru. Njia hiyo inakula umeme mwingi, usiku na mchana. Umeme ulitafutwa kwenye mto Lufira, pale palipokuwa na maporomoko ya Cornet, jina la mjiolojia Jules Cornet aliyepita Katanga miaka ya 1890. Baraji ya Mwadingusha ilijengwa juu ya maporomoko hayo, na mashine zikaanza kuzunguka mwaka 1930.

Maji yaliyozuiwa yalirudi nyuma na kufunika bonde la Lufira. Ndivyo Tshangalele ilizaliwa. Si ziwa la Mungu kama Tanganyika ao Mweru. Ni bonde lililozamishwa, pana sana lakini la maji mafupi. Mahali pengi mtu akishuka kutoka mtumbwi na mti mrefu mkononi anagusa chini. Jua linapasha maji haraka, majani ya maji yanaota kila upande, na matope laini yanatulia chini.

Kwa samaki wa mtoni anayependa maji ya kasi, hii ilikuwa hasara. Kwa tilapia ilikuwa kama mtu aliyekuwa analala chumba kimoja na watoto nane amepewa nyumba kubwa yenye bustani. Kichwa-kijani alipata matope na mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayoelea majini ao inayojishika chini. Kifua-chekundu alipata majani. Hawagombanii sahani, na ndiyo sababu wanaweza kuishi wengi pamoja.

Baada ya vita ya pili ya dunia, tilapia hizi za Katanga zikawa na sifa kubwa. Utawala wa kikoloni ulitaka nyama ya bei ndogo kwa wafanyakazi wa migodi, na mabwawa ya samaki yakachimbwa kila upande. Mwaka 1949 Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilipokea mkutano wa Wabelgiji na Waingereza juu ya ufugaji wa samaki, na kituo cha Kipopo kando ya mji huo kilijulikana kwa kazi hiyo. Samaki hao wawili walisambazwa mbali. Wako hata katika ziwa Kivu, ambako hawakuwa wenyeji. Mtu wa Bukavu ao Goma anayekula tilapia ya ziwa lake anaweza kuwa anakula jamaa wa hawa wa Lufira bila kujua.

Nyota katika matope

Aliyeangalia maisha ya tilapia ya Tshangalele kwa uvumilivu kuliko wengine ni Mbelgiji Jean-Claude Ruwet. Alikaa kando ya ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na mwaka 1962 na 1963 akatoa maandishi juu ya namna samaki hao wanazaa. Jina lake limebaki pia kwa ndege: mwaka 1960 aliokota hapo ndege mdogo wa manjano, msuka-viota, ambaye miaka 22 baadaye aliitwa Ploceus ruweti. Ndege huyo hakuonekana tena na wataalamu mpaka 2009, ingawa wavuvi walikuwa wanapita chini ya viota vyake kila siku. Lakini turudi kwa samaki.

Baridi ya Juni na Julai ikiisha na maji yakianza kupata moto, kuanzia Septemba hivi, madume ya kichwa-kijani yanaacha kutembea na wengine na kuja mahali pa maji mafupi. Kila dume anachukua kipande chake cha chini na kuanza kuchimba kwa mdomo. Anachukua matope, anaogelea kidogo, anatema. Anarudi. Kazi inaendelea siku nzima. Mwishoni katikati kunabaki jukwaa dogo lililoinuka, na kulizunguka kuna mifereji inayotoka kila upande kama mishale ya jua. Ukiangalia kutoka juu, ni nyota.

Hiyo nyota ina historia yake. Samaki wa aina hii katika mto Kafue, Zambia, hachimbi nyota. Anajenga kilima chenye shimo juu, kama volkano ndogo. Tofauti hiyo ni kati ya mambo yaliyofanya Mwingereza Ethelwynn Trewavas, mwaka 1983, aseme kwamba tilapia ya upande wa Mweru na Luapula ni aina yake yenyewe, akaiita Oreochromis mweruensis. Ndiyo sababu katika vitabu vipya mtu anaweza kukuta majina mawili kwa samaki ambaye kwa mama muuzaji ni mmoja tu.

Madume yanajenga nyota zao karibu karibu, nyingi mahali pamoja, na kila moja linafukuza jirani anayevuka mpaka. Jike anapita katikati yao sawa mtu anayetembea sokoni. Akichagua, anashuka juu ya jukwaa, anataga mayai machache, na mara moja anageuka na kuyachukua kinywani. Dume anamwaga mbegu zake, jike anazipokea pia kinywani. Wanarudia mpaka mayai yameisha, halafu jike anaondoka na mzigo wake mahali penye majani na utulivu. Dume hana habari tena ya watoto. Anamngoja jike mwingine.

Mama anabeba mayai mia kadhaa ndani ya kinywa kwa muda wa wiki mbili, pengine tatu. Wakati huo karibu hali chakula. Mayai yanapasuka ndani, watoto wanakua ndani, na hata baada ya kutoka wanabaki karibu na kichwa cha mama. Akiona hatari, wanaingia tena kinywani wote. Mvuvi anayevuta wavu na kumpata mama wa namna hii anaona jambo moja la kusikitisha: kwa hofu, samaki anatema kila kitu. Mayai ya manjano ao watoto wadogo wenye macho makubwa wanabaki chini ya mtumbwi, na hakuna wa kuwarudisha.

Kifua-chekundu ana ndoa ya namna nyingine. Dume na jike wanakaa pamoja. Wanasafisha mahali karibu na ukingo, mara nyingi katika maji yasiyofika kiuno cha mtu, na kuchimba mashimo. Mayai yanabandikwa chini, na si mia kadhaa bali maelfu, madogo madogo. Wazazi wote wawili wanalinda: mmoja anapepea maji kwa mapezi ili mayai yapate hewa, mwingine anafukuza wageni. Baada ya siku chache mayai yanapasuka, na wazazi wanaendelea kulinda kundi la watoto.

Hii tabia ya kulinda mayai chini si ya Lufira peke yake. Mtu anayeangalia filamu za bahari, zile za samaki wa rangi kali katika miamba ya Mombasa ao Zanzibar, ataona samaki mdogo dume anashambulia hata mkono wa mzamiaji kwa sababu ya mayai aliyoyabandika kwenye jiwe. Wachunguzi wa vinasaba wamekuta kwamba familia ya samaki hao wa bahari iko karibu na familia ya tilapia kuliko watu walivyofikiri zamani. Na kwa walio Kalemie, Moba ao Uvira, si lazima kwenda baharini: miamba ya ziwa Tanganyika imejaa jamaa za tilapia, aina zaidi ya mia mbili, zenye mistari, madoa na rangi ambazo watu wa Ulaya wanalipa pesa nyingi kuziweka katika vioo nyumbani. Wengine ni wadogo kama kidole na wanazaa ndani ya makoa matupu ya konokono. Kuhe, ambaye kila mtu wa Kalemie anamjua kwa ladha, ni wa familia hiyo hiyo, na ndiye mkubwa kuliko wote.

Kwa nini uvuvi unafungwa wakati wa mvua

Kila mwaka serikali ya provensi inatangaza kufunga uvuvi kwa miezi kadhaa ya mvua, na kila mwaka maneno ni yale yale. Wavuvi wanasema hawana chakula kingine. Wauzaji wanasema bei inapanda. Watu wa mazingira wanasema wavuvi wanavua usiku. Wote wanasema ukweli.

Tabia ya samaki inaonyesha kwa nini wakati huo ni wa hatari. Samaki ambaye katika miezi mingine ametawanyika ziwani, sasa amekuja karibu na ukingo, amejikusanya mahali pamoja, na hataki kuondoka. Dume la kichwa-kijani halikimbii kwa sababu linalinda nyota yake. Kifua-chekundu hakimbii kwa sababu ya shimo lake. Wavu wa kukokota unaovutwa mpaka nchi kavu hauchukui samaki tu. Unasawazisha chini kama mtu anayefagia uwanja, na kazi ya wiki nzima ya madume inaisha katika nusu saa. Kupiga maji kwa fimbo ili samaki waingie katika wavu nako kunafukuza wazazi waliokuwa wanalinda, na samaki wengine wanakula mayai mara moja.

Chandarua cha mbu ndicho kibaya kuliko vyote. Matundu yake hayaachi kitu. Watoto wa tilapia wanakaa miezi yao ya kwanza katika majani ya ukingo, palepale ambapo chandarua kinavutwa na watu wawili wanaotembea kwa miguu. Besani moja ya vidagaa hivyo inauzwa kwa bei ndogo, nao walikuwa samaki mamia ambao wangefika kipimo cha sahani.

Kuna jambo lingine ambalo haliko mikononi mwa wavuvi. Tshangalele ni tangi la baraji. Mashine za Mwadingusha, zilizotengenezwa upya na kukamilika mwaka 2021, zinakunywa maji yake, na kipimo cha ziwa kinapanda na kushuka. Katika bonde la maji mafupi, kushuka kidogo tu kunaacha ukingo mpana ukiwa mkavu. Mayai ya kifua-chekundu yaliyo katika shimo la ukingo yanakauka. Mama wa kichwa-kijani, yeye amebeba ya kwake kinywani, anafuata maji. Katika ziwa la namna hii, kinywa ni kitanda salama kuliko shimo.

Kusema ukweli, kufunga uvuvi bila kuwapa wavuvi njia nyingine ya kupata karo ya shule ni kuanzisha mchezo wa kujificha kati yao na askari. Lakini kuvua wakati wa mayai ni kula mbegu ya kupanda. Bonde la Lufira limeandikwa na UNESCO kama hifadhi ya viumbe tangu 1982. Karatasi hiyo peke yake haijazuia hata wavu mmoja.

Maji ya viwanda na kinywa cha samaki

Sasa ni sehemu ambayo watu wa Shituru wanaijua kwa pua na kwa macho. Maji yanayotoka upande wa viwanda na malundo ya zamani ya Likasi yanafuata vijito, yanaingia katika mito kama Panda, na mwisho wake ni upande wa Lufira na Tshangalele. Kazi ya mukuba na kobalti imefanyika hapa kwa karibu miaka mia moja, chini ya wenye mali tofauti. Kilichoingia mtoni katika miaka hiyo hakikuondoka chote. Metali haziozi. Katika maji yanayotembea zinasafiri; maji yakipoa katika ziwa, zinashuka na kulala katika matope.

Na ni nani anakula matope? Kichwa-kijani anafyonza chini kila siku, anachuja, anameza. Kifua-chekundu anakula majani, ambayo nayo yanaota katika matope yale yale na kuvuta vilivyomo. Kambale, anayelala chini, na samaki wakali wanaokula wadogo, wana njia zao. Hakuna aliye nje ya jambo hili, ila mlango wa kuingilia ni tofauti.

Wachunguzi wamepima. Mwaka 2009, kundi la wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven nchini Ubelgiji, akiwemo profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, lilitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti iliyokutwa ilikuwa ya juu kuliko ilivyowahi kuandikwa popote duniani kwa watu wa kawaida, yaani wasiofanya kazi ya metali. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine ulipima vyakula vya bonde la Lufira ya juu na kukuta metali katika mimea na samaki. Samaki si njia pekee: kuna vumbi la njia, kuna mboga za bustani, kuna maji ya kunywa. Ni kosa kumtupia samaki mzigo wote.

Je, watu waache kula tilapia? Hapana. Kwa familia nyingi, samaki ndiyo nyama inayowezekana, na mtoto asiyepata nyama wala samaki anadhoofika kwa njia nyingine ambayo inaonekana haraka zaidi. Lakini kuna mambo ya kufanya jikoni, na hayagharimu franka moja.

Metali haziko sawa katika mwili wote wa samaki. Nyingi zinakaa katika ini, figo, matamvua na utumbo, kuliko katika nyama. Katika samaki anayekula matope, utumbo wenyewe umejaa matope. Kwa hiyo kupika tilapia ndogo nzima na matumbo yake, kama nyumba nyingi zinavyofanya ili isipungue, ndiyo njia ya kula kile ambacho mtu alitaka kukwepa. Ni vizuri kupasua, kutoa vyote vya ndani, kutoa matamvua, na kuosha kwa maji safi. Kuchemsha muda mrefu hakusaidii hapa: moto unaua vijidudu, hauui mukuba wala kobalti. Kukausha kunaondoa maji na kuacha mengine yote, ndiyo maana kilo moja ya samaki mkavu si sawa na kilo moja ya mubichi. Na kubadilisha ni kuzuri: leo tilapia, kesho kapenta ya mbali, kesho kutwa maharagi. Hii inafaa sana sana kwa mama mwenye mimba na kwa watoto wadogo.

Mgeni wa mabwawa

Kuna tilapia ya tatu ambayo inaanza kuonekana sokoni, na wafugaji wengi wanaipenda kwa sababu inakua haraka: Oreochromis niloticus, tilapia ya mto Nile. Mistari myembamba wima kwenye mkia wake inamtambulisha. Katika bwawa lililofungwa vizuri hana ubaya. Shida inaanza bwawa likipasuka wakati wa mvua kubwa na samaki wakaingia mtoni. Huyu na kichwa-kijani wanaweza kuzaa pamoja, na watoto wao wanazaa tena, mpaka yule wa asili anapotea ndani ya damu ya mgeni. Imetokea katika mto Kafue. Shirika la kimataifa la IUCN limemweka kichwa-kijani katika orodha ya samaki walio katika hatari, na sababu kubwa ni hiyo. Anayechimba bwawa kando ya kijito kinachoenda Lufira anafaa kujua anachofuga, na kuweka wavu mzuri kwenye bomba la kutolea maji.

Kwa mnunuzi, kazi ni rahisi zaidi. Mkia uliogawanyika rangi mbili, juu madoa na chini nyekundu: ni kifua-chekundu. Pezi refu la pembeni na paji la uso lililosimama: ni kichwa-kijani. Na kama samaki amekauka na rangi zimeisha, kuna alama nyingine, ambayo mama wengi wanaiona kila siku juu ya ubao wa kukatia bila kuipa jina. Kichwa-kijani akipasuliwa, utumbo wake unatoka mrefu na mwembamba, umejizungusha mara nyingi, na una matope ya kijani-nyeusi. Kifua-chekundu ana majani yaliyotafunwa. Mayai makubwa ya manjano, machache, yanayohesabika: huyo alikuwa bado siku chache ayabebe kinywani.